Kuvuka Nchi kwa Baiskeli Mkiwa Kundi: Gari la Msaada au Kila Mtu na Mzigo Wake?

Watu wakikaa kupanga safari ya kuvuka nchi kwa baiskeli, mazungumzo huanza na ramani na kuishia kwenye mabishano ya gari. Huyu anasema bila gari la kubeba mizigo safari nzima ni mateso ya kujitakia. Yule anajibu kwamba ukishakuwa na gari linalokufuata na begi lako, hapo hujavuka nchi, umesindikizwa. Ubishi huu huwa mkali kwa sababu kila mmoja anautetea ushujaa wake, na ushujaa hausaidii kuamua chochote. Yanayoamua ni mambo mawili yanayopimika kabla hamjanunua hata tyubu moja: tofauti ya kasi kati ya aliye mbele na aliye nyuma katika kundi lenu, na umbali wa juu kabisa kati ya maji na maji kwenye njia mliyoichagua.

Mitindo yote miwili ina historia ndefu. Mwaka 1976, Marekani ilipotimiza miaka 200 ya uhuru, watu zaidi ya 4,000 walishiriki katika safari iliyoitwa Bikecentennial, kutoka Oregon hadi Virginia, karibu kilomita 6,800. Takriban nusu yao walimaliza njia yote. Wengi walikwenda katika vikundi vidogo vyenye kiongozi, hema na masufuria yakiwa yamefungwa kwenye baiskeli zao wenyewe. Miaka mitatu kabla ya hapo, 1973, huko Iowa lilianza tamasha la RAGBRAI, ambapo maelfu ya watu hulivuka jimbo kwa wiki moja na malori hutangulia na mabegi yao. Tangu 2003 kuna Tour d'Afrique, Cairo hadi Cape Town, takriban kilomita 12,000 na lori la mizigo nyuma yake. Kwa hiyo hakuna mtindo ulio halali kuliko mwingine. Swali ni upi unawafaa ninyi.

Mlima ndio unaosema ukweli

Tuanze na uzito, maana hapo ndipo watu hukisia vibaya. Kwenye tambarare, mzigo haukupunguzii kasi sana; adui mkubwa huko ni upepo. Mlimani hesabu inageuka. Chukua mwendeshaji wa kilo 70 mwenye baiskeli ya kilo 12 pamoja na chupa za maji, anayetoa nguvu ya wati 150, kiwango ambacho mtu mwenye mazoezi ya kawaida anaweza kukishikilia kwa muda mrefu. Kwenye mwinuko wa asilimia 6 atapanda kwa kasi ya karibu kilomita 10 kwa saa. Mpe baiskeli imara ya kilo 15 na mizigo ya kilo 20, kasi inashuka hadi karibu kilomita 8. Kwa mpando wa kilomita 8, hiyo ni tofauti ya dakika 48 na saa nzima. Dakika 12 si msiba. Mipando minne ya namna hiyo kwa siku ndiyo inayowafikisha mahali pa kulala giza likiwa limeshaingia.

Sasa tazama kinachotokea kwa kundi, kwa sababu hapa ndipo pana jambo ambalo wapangaji wengi hawalioni. Tuseme kundi lina mwenye nguvu wa wati 200 na mnyonge wa wati 120, uzito wa miili yao ukiwa sawa. Bila mizigo, kwenye mpando huohuo wa kilomita 8, wa kwanza atamsubiri wa pili kileleni kama dakika 23. Mkimpa kila mmoja kilo 20 "kwa haki", pengo linapanuka hadi karibu nusu saa. Lakini mkihamisha kilo 8 kutoka kwa mnyonge kwenda kwa mwenye nguvu, yaani huyu kilo 28 na yule 12, pengo linarudi hadi dakika 20 hivi. Ni dogo kuliko hata lile la kundi lisilo na mizigo kabisa.

Maana yake ni kwamba mzigo ni chombo cha kusawazisha kasi, kama mtakubali kuutumia hivyo. Hema la watu wawili, jiko, mafuta ya jiko, sufuria kubwa, vifaa vya ufundi: vyote hivi ni mali ya kundi, na mali ya kundi huwekwa kwa mwenye miguu. Kundi la gari halina nafasi hiyo. Mizigo yote iko garini, kila mtu yuko mwepesi, na wenye kasi wanapotea mbele tangu saa tatu asubuhi. Ndiyo maana nikiona kundi lenye gari limetawanyika kilomita 30 barabarani sishangai. Gari limewaondolea kilo, likawaondolea na sababu ya kukaa pamoja.

Ila dawa hii ina masharti. Mwenye nguvu lazima akubali kuonekana wa kawaida. Kuna watu hawawezi. Wamekuja kushindana, na ukiwaongezea hema wanalalamika hadi jioni. Kama kundi lenu lina wawili wa aina hiyo, wekeni gari mapema muokoe urafiki.

Upepo na nidhamu ya kukaa nyuma ya mwenzako

Kuendesha karibu na gurudumu la aliye mbele kunapunguza kazi kwa robo au zaidi, kutegemea kasi, upepo na ukaribu wenu. Kwa baiskeli nyepesi, kundi lililozoeana hukaa nusu mita au pungufu na kupokezana mbele kila baada ya dakika chache. Hapo gari la msaada linalipa kweli: kilomita 120 za tambarare zinapita kabla jua halijawa kali.

Baiskeli yenye mabegi ni habari nyingine. Inachukua umbali mrefu zaidi kusimama, inayumba mtu akinyanyuka kwenye kiti, na mabegi ya nyuma yanaziba shimo ambalo mwenzako alitakiwa kuliona. Hivyo mnaachiana mita mbili au tatu, na faida ya upepo inapungua. Mkipanga ratiba ya safari ya mizigo kwa kutumia kasi mliyozoea kwenye mazoezi ya wikiendi mkiwa wepesi, ratiba hiyo itavunjika siku ya pili. Kwa kukadiria, kundi la watu wa kawaida lenye gari linaweza kupanga kilomita 100 hadi 130 kwa siku, na kundi linalojibebea kilomita 70 hadi 95. Njia ya kilomita 1,200 kwa wastani wa 110 ni siku 11; kwa wastani wa 80 ni siku 15. Hizo siku nne za ziada ni likizo ya mtu, na mara nyingi ndizo zinazoamua kabla hata hatujafika kwenye mambo ya fedha.

Baiskeli gani kwa mtindo gani

Mkichagua gari, karibu baiskeli yoyote iliyo nzima inafaa, pamoja na zile nyepesi za mashindano zenye tairi za upana wa milimita 28. Mkichagua kujibebea, baiskeli inabadilika kuwa chombo cha uchukuzi. Inahitaji sehemu za kufungia keria, tairi za milimita 40 au zaidi, rimu zenye spoki 32 au 36, na gia ya chini kabisa ambayo mzunguko mmoja wa pedali unazungusha gurudumu mara moja au pungufu. Usidanganywe na idadi ya gia. Mtu anaweza kuwa na gia 20 zote nzito. Muulize fundi meno ya sahani ndogo ya mbele na meno ya sahani kubwa ya nyuma. Kama ya mbele ina 26 na ya nyuma 34, utapanda popote palipo na lami. Kama ya mbele ni 39 na ya nyuma 25, utashuka na kusukuma.

Linalowaumiza wengi njiani ni spoki ya nyuma. Nalieleza kwa kirefu kwa sababu ndilo tatizo linalotofautisha mitindo hii miwili kuliko pancha. Pancha ni ileile kwa wote, dakika kumi na mnaendelea. Spoki hukatika upande wa kulia wa gurudumu la nyuma, upande wenye gia, kwa kuwa huko spoki zimekazwa zaidi na mzigo wote umekaa juu yake. Unasikia mlio mdogo kama wa waya uliokwanyuliwa, kisha gurudumu linaanza kuyumba na kugusa breki kila mzunguko. Rimu imevutwa kushoto. Ukiwa na gari, unatoa gurudumu, unachukua la akiba, unaondoka. Hilo bovu litashughulikiwa jioni. Ukiwa huna gari, unageuza baiskeli juu chini kando ya barabara, unalegeza spoki mbili za kushoto zilizo jirani na ile iliyokatika, robo mzunguko kila moja, unazungusha gurudumu na kutazama pengo kati ya rimu na breki, unalegeza tena kidogo, mpaka lizunguke bila kugusa. Unaifunga iliyokatika kwenye jirani yake isigonge, unahamishia mabegi ya nyuma kwa wenzako, unakwenda taratibu. Kubadilisha spoki yenyewe kunataka kifaa cha kufungulia gia na spoki ya urefu sahihi, na urefu hutofautiana kwa upande wa kulia na kushoto. Kundi linalojibebea lisilo na mtu hata mmoja anayeweza kazi hiyo halijawa tayari, hata kama miguu yao ni ya chuma.

Upangaji wa mzigo nao una kanuni zake: vizito chini na karibu na ekseli, vyepesi juu, na si vyote nyuma. Mzigo wote ukikaa nyuma, usukani unakuwa mwepesi na kwenye mteremko mkali unaweza kuanza kutikisika wenyewe. Mtu aliyewahi kutikiswa hivyo kwa kilomita 50 kwa saa hahitaji kukumbushwa mara ya pili kuweka begi mbele.

Maji ndiyo mpaka

Watu kumi, saa sita barabarani kwenye joto, wastani wa mililita 700 kwa saa kwa kila mtu: hayo ni lita 42. Garini ni madumu mawili ya lita 20 na chupa juu yake, hakuna anayeyafikiria. Kwenye baiskeli ni zaidi ya kilo nne kwa kila mtu juu ya kila kitu kingine, na maji ndiyo mzigo pekee ambao huwezi kuupunguza kwa kununua kitu chepesi zaidi.

Kwa hiyo pimeni njia yenu kwa kipande kikavu kuliko vyote. Kama kipande kirefu kabisa kisicho na maji ya uhakika ni kilomita 40 au 50, kujibebea hakuna shida: chupa tatu kwa kila mtu zinatosha, na ya nne ya dharura. Kikizidi kilomita 80 kwenye nchi ya joto, na hasa kama kina kupanda, mimi ningeweka gari, hata kama ni la siku hiyo moja tu. Kwa "uhakika" simaanishi alama ya bluu kwenye ramani. Namaanisha mahali ambapo mtu aliyepita miezi ya karibuni, katika msimu huohuo, anathibitisha kwamba maji yapo.

Chakula kina sura hiyohiyo lakini ni rahisi zaidi. Mwili unahitaji kama gramu 30 hadi 60 za wanga kwa kila saa ya kuendesha, na wengine huvumilia zaidi ya hapo wakijizoeza. Kundi la gari linaweza kuandaa mlo mapema na kuukuta njiani. Kundi la mabegi linakula linachokikuta, linafika likiwa na njaa na hata kuagiza linachelewa. Kosa la kundi la gari ni tofauti: kwa kuwa maji yako tele, watu hunywa maji matupu tu kutwa nzima bila chumvi. Kunywa maji mengi kupita kiasi kwa saa nyingi kunaweza kushusha chumvi ya damu hadi mtu akachanganyikiwa, akatapika, akaanguka. Dalili hizo zinafanana na za kukosa maji, na mwenzake mwenye nia njema anamwongeza chupa nyingine. Wekeni chumvi kwenye chakula na vinywaji, na mnywe kufuata kiu badala ya kushindana kumaliza chupa.

Gari lenyewe: kazi ya dereva

Wanaosema "tutaweka gari" mara nyingi hawajajiuliza litaendeshwa na nani. Hapa ndipo mipango mingi ya gari huharibika. Mkimchukua dereva asiyeendesha baiskeli, atachoka kabla yenu. Kazi yake ni kwenda kilomita 20, kusimama saa nzima kwenye jua, kutoa maji, kufunga mlango, kwenda kilomita 20 nyingine, na jioni ndiye anayetumwa kutafuta vyumba. Mkiamua kupokezana ninyi wenyewe, katika kundi la wanane kila mmoja anapoteza siku moja kati ya nane, na mtakapofika mwisho hakuna atakayeweza kusema amevuka nchi yote kwa miguu yake. Kuna wanaojali hilo na kuna wasiojali. Ulizaneni mapema, kwa sababu anayejali hatasema mpaka siku ya zamu yake ifike. Njia inayofanya kazi vizuri ni nusu siku: dereva wa asubuhi anakabidhi funguo mchana.

Gari lisiwafuate nyuma kwa mwendo wenu. Linaonekana kama ulinzi, na katika mashindano yenye polisi na barabara iliyofungwa lina maana yake, lakini kwenye barabara kuu iliyo wazi gari linalotambaa kwa kilomita 20 kwa saa ni kizuizi. Wanaotoka nyuma wanalipita kwa hasira wasijue kwamba mbele yake kuna watu kumi wa baiskeli, na wanajikuta upande wa pili wa barabara muda mrefu kuliko walivyodhani. Afadhali litangulie na kusimama mahali palipokubaliwa, nje kabisa ya barabara. Umbali wa kilomita 20 hadi 25 unatosha; mkiwa na mgonjwa au joto kali, punguzeni hadi 10.

Halafu kuna suala la vitu. Kundi la mabegi hupima hadi mswaki. Kundi la gari huanza na begi moja kwa kila mtu na kufika siku ya kuondoka likiwa na viti, spika, jozi tatu za viatu na begi la mtu anayesema "nitalitumia tu jioni". Kila asubuhi yote hayo yanapakuliwa na kupakiwa, na mnaondoka saa moja na nusu baadaye kuliko mlivyopanga. Saa moja na nusu za asubuhi ni zile za ubaridi, bila upepo, ambazo mlilileta gari mzipate. Wekeni kikomo cha begi moja la lita 40 na mkisimamie bila huruma.

Ukubwa wa kundi na sheria za barabarani

Watu wanne hadi sita wanaojibebea ni kundi zuri kuliko yote ninayoyajua. Wanatosha kugawana mali ya kundi, wanaweza kufika mahali bila taarifa wakapata pa kulala, na mmoja akipata pancha wote husimama bila manung'uniko. Wakifika wanane, kila kusimama kunakuwa kwa dakika 20, kwa kuwa kuna anayejisaidia, anayepiga picha, na wa tatu anayekumbuka kujisaidia wale wawili wakishamaliza. Zaidi ya kumi, bila gari, ninyi si kundi moja tena hata mkijiita hivyo. Gawanyikeni wawili wawili au wanne wanne asubuhi na mkutane mahali pa chakula.

Sheria nazo hutofautiana na zinafaa kusomwa kabla ya kuondoka. Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unaziachia nchi uhuru wa kuruhusu baiskeli kwenda sambamba. Ujerumani, waendeshaji zaidi ya 15 wanaweza kuunda msafara mmoja na kwenda wawili wawili, na msafara huo huchukuliwa kama chombo kimoja. Hispania pia hulihesabu kundi kama kitu kimoja kwenye masuala ya nani apite kwanza. Kwingine ni mstari mmoja tu, basi. Kama nchi yenu ni ya mstari mmoja, watu 16 ni mkia mrefu ambao lori haliwezi kuupita kwa salama. Acheni mwanya wa kutosha gari moja kuingia katikati baada ya kila watu wanne au watano.

Fedha, kwa kifupi

Gari lina gharama isiyobadilika: kukodi, mafuta, dereva, malazi yake. Mkiwa wanne ni mzigo mzito mfukoni. Mkiwa 12 inagawanyika hadi haihisiki. Kujibebea kuna gharama ya mwanzo kwa kila mtu, yaani keria, mabegi yasiyopitisha maji, hema na pengine baiskeli nyingine kabisa, lakini vitu hivyo vinabaki vyako kwa safari ijayo. Anayesafiri mara moja katika maisha yake hana sababu ya kununua vyote hivyo. Anayejua kwamba atarudia, gari ni kodi anayoilipa kila mwaka.

Mtu akishindwa kuendelea

Mwaka 1910 Tour de France ilipopelekwa kwa mara ya kwanza kwenye milima mikubwa ya Pyrenees, waandaaji waliongeza gari la kufagia, linalokuja mwisho kabisa na kuokota walioshindwa. Kazi hiyo ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote upande wa gari, na sina jibu la kuipinga. Mtu akivunjika mfupa wa bega, akiharisha, au akiumia goti siku ya tatu, gari linamchukua, na kama hajavunjika, kesho anaweza kujaribu tena. Pia linatoa nafasi kwa watu ambao bila hilo wasingekuja: mwenye umri mkubwa, anayerudi baada ya ugonjwa, mwenza wa mmoja wenu ambaye anataka kuendesha kilomita 50 kila siku na si zaidi.

Hata hivyo gari lina kasoro yake hapohapo. Likiwepo, kupanda ni rahisi mno. Mvua ya dakika 20 inatosha. Wa kwanza anapanda, wa pili anaona aibu imeshaondoka, na ghafla nusu ya kundi iko ndani na madirisha yamejaa ukungu. Afadhali mkubaliane tangu mwanzo: anayepanda kwa ugonjwa au usalama hahojiwi na mtu, anayepanda kwa uvivu naye hahojiwi, ila kesho ndiye anayepakia mizigo.

Bila gari, mnatakiwa kuwa na mpango wa mtu kutoka. Kwa kila siku, andikeni mahali ambapo mtu na baiskeli yake wanaweza kupata usafiri wa umma, hospitali iko upande gani, na kipande gani hakina mtandao wa simu. Mwekeni wa mwisho barabarani awe mtu mwenye uzoefu na vifaa vya huduma ya kwanza, kwa sababu wa mbele hawezi kumsaidia aliyeanguka nyuma yake asiyemwona. Na asitoke mtu peke yake. Akishindwa mmoja, mwingine anaondoka naye mpaka amfikishe kwenye mikono salama, kisha anarudi kwa basi kuwakuta mbele. Kama hakuna kati yenu aliye tayari kupoteza siku mbili za safari yake kwa ajili ya mwenzake, chukueni gari.

Njia za katikati, na safari ya kununua

Kuna mchanganyiko unaofaa kuliko watu wanavyodhani: kutuma sehemu ya mizigo kwa basi hadi mji ulio mbele kila baada ya siku tatu au nne, au kukodi gari kwa siku mbili ngumu tu. Nguo za akiba na tairi la ziada havina haja ya kupandishwa kila mlima. Mchanganyiko nisioupenda ni ule wa nusu ya kundi kubeba na nusu kuweka mizigo garini. Ndani ya siku mbili mnakuwa makundi mawili yanayosubiriana, na wabebaji wanaanza kujiona wao ndio wasafiri wa kweli.

Safari iliyopangwa na kampuni inawafaa wasiojuana kabla. Njia imeshapimwa, fundi yupo, na ugomvi wa ratiba una wa kuubeba. Mnachopoteza ni uhuru wa kubaki siku moja zaidi mahali mlipopapenda. Kabla ya kulipa, ulizeni gari husimama kila baada ya kilomita ngapi, fundi ana vipuri vya aina gani, na wa mwisho hupewa muda gani kabla ya kulazimishwa kupanda. Asiyejibu hilo la tatu kwa kutaja saa hasa hajaongoza kundi la watu mchanganyiko.

Basi, mkiwa sita au pungufu, kasi zenu hazipishani sana au mwenye nguvu yuko tayari kubeba, maji yako ndani ya kilomita 50 na mmoja wenu anajua gurudumu, ningesema jibebeeni bila kusita. Mkiwa wanane au zaidi, au kuna mtu ambaye afya yake haina uhakika, au kuna kipande kirefu kikavu, au likizo ni fupi, wekeni gari na mmtafutie dereva kabla ya kutafuta baiskeli. Mkiwa saba, au vigezo vikigongana, fanyeni jaribio: siku mbili mfululizo, kilomita 70 kila siku, mizigo yote ikiwa imefungwa kama itakavyokuwa, kulala nje ya nyumbani katikati. Msitazame mlivyofika siku ya kwanza, wote hufika. Tazameni asubuhi ya pili saa kumi na mbili na nusu: nani ameshafunga begi, nani anachechemea anapokwenda kuchota maji, nani anafungua begi la mwenzake kumtolea hema bila kuombwa, na nani ameanza kuuliza kama kuna mtu anayefahamu gari la kukodi.